Kupima Ghala la Tuckwell

Nimekuja na futi kamba na timazi,
na fomu yenye visanduku vya kujaza.
Mzee Ephraim Tuckwell ameshika ncha ya pili,
nyonga yake mbovu, buti moja halina kamba,
ananitajia namba kabla sijaisoma.
"Hatua thelathini na nne. Babu alizihesabu.
Mawe hayajaenda popote."

Lakini ukuta wa kaskazini umekwenda:
umeinama shibiri moja na nusu kuelekea bondeni,
kama mtu mwenye sikio zito anayesogea asikie.
Viegemeo vitano vya mawe vimeupa bega.
Cha tatu kiliongezwa mwaka ule wa theluji
na mwashi mlevi aliyelipwa kwa jibini.
Ndicho kilichonyooka kuliko vyote.

Mawe yana rangi ya asali iliyoganda.
Machimbo yake yako ng'ambo ya kijito, sasa ni shimo la miiba.
Yakipigwa jua la jioni huwa na joto la ubavu wa ng'ombe.
Weka jicho karibu: ni makombe, vipande vya makombe.
Bahari ilikuwa hapa, katikati ya Uingereza,
ikahama, ikaacha mifupa ya kujengea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Aliyejenga hapa alianza na nyufa:
mianya mirefu, kwa nje upana wa kiganja,
kwa ndani imepanuka kama mdomo wa tarumbeta,
nafaka ipumue, mvua isijue njia.
Nimehesabu ishirini na sita.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha pumzi.

Juu, vigae vya mawe,
vikubwa kwenye ukingo, kila kimoja mzigo wa mtu mzima,
vikipungua safu kwa safu
hadi kileleni, ambako ni vidogo kama kurasa.
Kila saizi ilikuwa na jina lake.
Tuckwell anayataja saba.
La nane limemponyoka; anasimama, mdomo wazi,
kisha ananiambia nivute kamba.

Miti ya mwaloni iliungwa ingali mibichi.
Samaki mkunje, naam, ila hii iliachwa ijikunje yenyewe,
ikakauka ikiwa kazini,
na kila ilipojipinda ikauma vigingi vyake zaidi.
Hakuna msumari. Nimetafuta.
Kwenye kila kiungo seremala alichonga alama kwa patasi,
mistari mitatu hapa, mistari mitatu kule,
vipande vikifika kutoka uwanjani vitambuane.
Kwenye boriti ya nne alikosea,
akaparuza, akachonga upya.
Namwona akitazama huku na huku.

Na pale, chini ya kilele cha paa, tundu la mraba.
"La bundi," anasema mzee.
Ndege ambaye kwingine akilia juu ya paa
watu huhesabu wagonjwa wao,
hapa alikatiwa mlango katika jiwe
na kibaraza cha kutua,
maana panya hawakulipa zaka.

Wanunuzi wanataka vyumba vitano, vyoo vinne,
ngazi ya kioo. Nachora. Ndiyo kazi yangu.
Sakafu ya kupuria, pale katikati, itakuwa jiko.

"Hapo hujapima," anasema.
Anasukuma komeo la mlango wa magharibi, mimi la mashariki,
milango mirefu ya kupitisha mkokoteni na shehena yake.
Upepo unaingia kama kibarua aliyechelewa,
haumsalimu mtu, unashika kazi.
Fomu, michoro, vyumba vyote vitano
vinapaa, vinatokea upande wa pili,
vinatua kwenye matope, kati ya kondoo.
Tumebaki wawili sakafuni,
timazi ikiyumba kidogo mkononi mwangu.
Tuckwell anafunga kifungo cha juu cha koti.
"Bado linafanya kazi," anasema.